Hiari ya Mwenye Arosto

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, haitumii maneno mengi kuhusu utashi wa binadamu. Kifungu cha 10 kinamwondolea mtu jinai kwa tendo lililofanyika pasipo utashi wake. Kifungu cha 13 kinamsamehe ambaye maradhi ya akili yamemfanya asielewe atendalo, asitambue kwamba hapaswi kulitenda, au ashindwe kujizuia. Kifungu cha 14 kinamfungia mlango mlevi: kulewa si utetezi, isipokuwa kama alileweshwa na mtu mwingine bila ridhaa yake au ulevi umemtia wazimu, na humo zimehesabiwa dawa za kulevya pia.

Walioandika vifungu hivyo walikuwa na picha ya mtu aliyekunywa akazidiwa, kisha akamjeruhi jirani. Sasa tuseme kuna kijana wa Tandika anayechomoa simu ya abiria kwenye bajaji saa kumi na mbili asubuhi. Hajalewa. Angekuwa amelewa, angekuwa amejilaza maskani na simu ile asingeigusa. Ameiba kwa sababu unga umemwishia mwilini tangu usiku, na arosto imeanza.

Arosto ni jina ambalo watumiaji wa heroini wa Dar es Salaam wameipa hali inayomkuta mraibu dawa inapokatika. Kwa kawaida huanza baada ya saa sita hadi kumi na mbili tangu kete ya mwisho. Pua na macho hutiririka, miayo haikomi, mifupa huuma, tumbo huendesha, mwili hutetemeka kwa baridi juani, usingizi hupotea. Ukali wake hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua taratibu kwa muda wa wiki hivi. Kwa mtu ambaye hana maradhi mengine, mara chache huua. Hilo la mwisho ndilo linalolifanya swali kuwa gumu, maana kuvumilia kunawezekana, watu wamevumilia, na huenda kijana huyu mwenyewe aliwahi kuvumilia mara moja au mbili. Basi alipochomoa simu alitumia hiari yake, au hiari ilikuwa imekwisha pamoja na unga?

Mhadhara huu unashika msimamo kwamba swali likiulizwa hivyo, la ndiyo au hapana, halina jibu la kweli, na kwamba majibu mawili yanayotolewa kila siku mitaani Kinondoni na Temeke yanaumiza watu, yote mawili. Hiari ni uwezo. Ina kiasi chake, huweza kupunguzwa, na huweza kujengwa upya. Ushahidi wa jambo hili unapatikana kwenye kliniki za serikali za kutibu uraibu ambazo mateja, yaani waraibu wa unga, wengi wa jiji wanazijua.

Kwanza historia kidogo. Heroini ilianza kuonekana Dar es Salaam miaka ya 1980, ya rangi ya kahawia, watu wakivuta moshi wake. Kuelekea mwaka 2000 ukaenea unga mweupe unaoyeyuka kirahisi kwenye maji, na sindano ikaingia mageto. Mzigo hutoka Afghanistan, hushushwa hadi pwani ya Makran kwenye mpaka wa Iran na Pakistan, kisha huvushwa kwa majahazi mpaka Afrika Mashariki. Kijana wa Manzese aliyetimiza miaka 18 mwaka 2000 alikutana na kishawishi ambacho baba yake, aliyetimiza umri huohuo mwaka 1970, hakukiona hata kwa mbali. Thomas Nagel na Bernard Williams, wanafalsafa walioandika juu ya jambo hili mwaka 1976, waliliita bahati ya kimaadili: watu hupimwa kwa matendo yao, na matendo hutegemea mambo mengi ambayo mtendaji hakuyachagua. Baba wa Manzese hakuwa mwema kuliko mwanawe. Hakujaribiwa tu.

Jibu la kwanza la mitaani ni neno moja: kajitakia. Nani alimshika mkono? Kuna ukweli ndani yake, kwa kuwa kete ya kwanza ilivutwa na mtu ambaye bado hakujua arosto, na ambaye angeweza kuikataa bila maumivu yoyote. Ila aliyeikubali kete ile alikuwa kijana akipokea kwa rafiki au kwa mpenzi, pengine ikiwa imechanganywa kwenye sigara ya bangi, na hakuwa akichagua maisha yaliyofuata. Kumbebesha miaka 15 ya uraibu kwa sababu ya jioni moja ni hesabu isiyokubalika hata dukani.

Jibu la pili hutoka nyumbani, mara nyingi kinywani mwa mama: mwanangu karogwa. Kauli hiyo inamtua mtoto mzigo wa lawama na kumtwika jirani mwenye husuda. Inatokana na mapenzi, na hakuna haja ya kumcheka mama huyo. Lakini inamfanya mwanawe kuwa kitu kinachotendwa tu, kisichotenda, na mtu akishaambiwa hivyo miaka mingi hujifunza kujiona hivyo. Mafundisho ya dini yaliyoenea pwani hayakubaliani na pande zote mbili. Abul Hasan al-Ash'ari, mwanachuoni wa Basra na Baghdad aliyefariki katika karne ya 10, aliwakuta watu waliosema binadamu hana uwezo wowote juu ya tendo lake na wengine waliosema analiumba mwenyewe. Akafundisha kwamba Mungu huumba tendo na mja hulichuma, na kwa kulichuma huulizwa. Mtu anaweza kuikubali itikadi hiyo au asiikubali. Muhimu ni kwamba misikitini Uswahilini swali hili lilishapewa jibu la katikati karne nyingi kabla heroini haijafika.

Majibu haya mawili hukutana vibaya pale teja anapopigiwa kelele za mwizi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiandika katika ripoti zake za kila mwaka juu ya watu wanaouawa na umati, kwa mawe, kwa marungu na kwa tairi linalowashwa moto. Peter Strawson, katika mhadhara wake wa mwaka 1962 mbele ya Akademia ya Uingereza, aliwataka wanafalsafa waache kwa muda ubishi kama kila kitu kimepangwa tangu mwanzo, watazame jinsi watu wanavyochukiana na kusameheana. Mtu akikukanyaga kwa makusudi unakasirika. Ukijua kasukumwa, hasira hupoa. Na wako ambao hatuwakasirikii kabisa, kama mtoto mchanga au mgonjwa aliyechanganyikiwa: hao tunawatunza, tunawatibu, tunawalinda. Umati unaompiga teja unachukua mitazamo yote miwili kwa dakika moja. Unapiga kelele kwamba huyu si mtu, kisha unampiga kwa ghadhabu ambayo huelekezwa kwa binadamu tu. Kama kweli si mtu, ghadhabu hiyo haina maana. Kama ni mtu, basi anastahili kusikilizwa na hakimu.

Mwaka 1971 Harry Frankfurt wa Marekani aliandika makala fupi yenye waraibu watatu ndani yake, na hadi leo ni vigumu kupata chombo bora zaidi cha kuutazama mtaa wa Temeke. Wote watatu wana hamu ileile isiyozuilika. Wa kwanza anaichukia hamu yake: anataka unga, lakini hataki kuutaka. Wa pili anaipenda hamu yake, na hata ingepungua angetafuta njia ya kuirudisha. Wa tatu hajali. Hana maoni yoyote juu ya hamu zake, anazifuata tu zinakomwelekeza. Kwa Frankfurt, utu wa binadamu umo katika uwezo huo wa kusimama juu ya matakwa yako na kuyahukumu. Wa kwanza ameshindwa vita, lakini vita ni vyake. Na wa pili, ingawa hana njia nyingine, anawajibika, kwa kuwa anachofanya ndicho anachotaka kutaka.

Wanaofika kliniki kwa miguu yao ni wa aina ya kwanza. Hakuna polisi aliyewaleta.

Wachumi wana maelezo mengine. Gary Becker na Kevin Murphy wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa mwaka 1988 nadharia kwamba mraibu naye ni mchaguzi mwenye hesabu: huweka raha ya leo na hasara ya kesho kwenye mizani, akaamua. Nadharia hii iliwaudhi wengi, lakini nusu yake inaonekana wazi maskani. Mtumiaji aliyepungukiwa pesa hugawana kete na mwenzake. Huhama kutoka kuvuta kwenda kujidunga, kwa sababu moshi hupotea hewani na sindano haipotezi kitu. Hujua pusha gani anachanganya mzigo na nani ananunua simu bila kuuliza maswali. Akili yake inafanya kazi, tena kwa bidii. Kasoro ya nadharia iko kwenye kesho. Inachukulia kwamba mtu wa kesho ana mwakilishi ndani ya mtu wa leo, wakati arosto humfukuza mwakilishi huyo. Anayetetemeka haoni mbele ya saa mbili zijazo, na ndani ya saa hizo mbili hesabu yake ni sahihi kabisa.

Mfano mchungu kuliko yote uliandikwa hapahapa. Mwaka 2005 Sheryl McCurdy na wenzake walichapisha taarifa ya jambo walilolisikia kwa wanawake wanaojidunga jijini Dar es Salaam. Mwanamke aliyepata kete alijidunga, akaivuta damu yake irudi kwenye bomba la sindano, kisha akampa mwenzake asiye na pesa ajidunge damu ile, kwa imani kwamba imebeba heroini ya kutosha kumtuliza. Dawa iliyomo kwenye damu hiyo ni kidogo mno. Virusi vinaweza kuwa tele. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu watu wanaojidunga wilayani Kinondoni ulikuta asilimia 42 wana VVU, na wanawake walikuwa wameathirika zaidi sana kuliko wanaume.

Hapa lawama iende wapi? Yule mwanamke alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa huruma. Aliona mwenzake anateseka, akampa alichokuwa nacho. Aristotle alitenganisha anayetenda kwa kutojua na anayetenda huku anajua, na hakumwachia huru kila asiyejua: alitaka kuulizwe kama kujua kulikuwa kwenye uwezo wake. Wanawake wale hawakuwa na mtu wa kuwaambia, mpaka waelimishaji walipoanza kuingia mageto na, mwanzoni mwa miaka ya 2010, shirika la Médecins du Monde lilipofungua kituo Temeke kilichotoa elimu na sindano safi. Tangu siku hiyo mzigo ulibadilika. Aliyekwisha kuambiwa anabeba wajibu ambao asiyeambiwa hakuwa nao. Na wale waliojua mapema, wenye madaraka na bajeti, wakanyamaza kwa kuwa habari ilihusu mateja, walikuwa na sehemu yao katika damu ile. Watu hukwepa kuisema sehemu hiyo, na ni vibaya kuikwepa.

Ushahidi mwingine unatoka mbali. Miaka ya 1970 mtafiti Lee Robins alifuatilia askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam, ambako takriban mmoja kati ya watano alisema alikuwa mraibu wa heroini. Wengi walitarajia balaa. Baada ya mwaka mmoja nyumbani, wachache sana walikuwa wamerudia uraibu. Askari wale hawakuwa na utashi wa ajabu. Walitoka mahali pa kishawishi, wakarudi kwenye familia, kazi na mitaa ambako hakuna aliyewauzia. Kijana wa Keko anayemaliza kifungo hurudi barabara ileile, kwa pusha yuleyule, akiwa na deni jipya na hana kazi.

Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni. Hospitali ya Mwananyamala wilayani Kinondoni ikafuata mwaka 2012, na ya Temeke mwaka 2014. Methadoni ni dawa ya jamii moja na heroini, iliyotengenezwa Ujerumani miaka ya 1930. Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York ndio walioonyesha katikati ya miaka ya 1960 kwamba inaweza kumshikilia mraibu wa heroini asizame. Hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, huzuia arosto, na ikitolewa kwa kipimo sahihi haileti ile stimu anayoitafuta mwenye sindano. Kwa kawaida mteja huja kila siku, hupokea dozi dirishani, huinywa mbele ya mtoa dawa, kisha huondoka kwenda kwenye shughuli zake.

Wako wanaosema huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Wasemao hivyo wanaangalia kilichomo kwenye kikombe na kusahau kinachomtokea anayekinywa. Mama lishe anayetia elfu mbili kila jioni kwenye kibubu kilichopigiliwa misumari anajua hesabu vizuri sana. Anajijua pia. Anajua kuna siku atabanwa na atatamani kuzitoa, kwa hiyo leo, akiwa ametulia, anamfungia njia yule atakayekuwa kesho. Jon Elster, mwanafalsafa wa Norway, alizungumzia akili ya namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1979, na akaihesabu kuwa akili isiyo kamili, lakini inayoutambua udhaifu wake. Dirisha la Mwananyamala ni kibubu kinachoshikwa na mtu mwingine. Anayekwenda pale anatumia saa yake ya utulivu kuilinda saa ya tamaa.

Uchambuzi wa takwimu za wateja wa kwanza wa Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa bado wanahudhuria baada ya mwaka mmoja, na zaidi ya sita katika kumi baada ya miaka miwili. Ulionyesha pia kwamba waliopewa dozi kubwa zaidi walidumu zaidi. Mambo haya mawili yanapaswa kushikwa kwa pamoja. Kama kuacha unga kungekuwa utashi mtupu, miligramu zisingeleta tofauti. Na kama utashi usingekuwa kitu, hakuna mtu angeamka asubuhi zaidi ya mia saba, moja baada ya nyingine, akapanda daladala kwa nauli ya kuungaunga kutoka Mbagala hadi mjini ili anywe dawa isiyomlewesha. Dawa humpa nafasi ya kuchagua. Kuchagua anachagua mwenyewe. Kabla ya mwaka 2014 mtu wa Temeke alihitaji hiari nyingi kuliko mtu wa Upanga, jirani na Muhimbili, ili kufanya jambo lilelile, kwa sababu ya umbali tu. Kliniki iliposogezwa, hakuna aliyebadilika tabia usiku mmoja, lakini watu waliokuwa wameshindwa jana waliweza leo.

Hanna Pickard, mwanafalsafa aliyewahi kufanya kazi ndani ya huduma ya tiba ya afya ya akili huko Oxford, anapendekeza kumdai mtu wajibu bila kumbebesha lawama: kumuuliza jana ulikuwa wapi, na kusubiri jibu la kweli, bila kumtukana. Kliniki haiwezi kwenda kwa njia nyingine. Ila pendekezo hili halimtoshi mwenye simu. Yeye ni abiria aliyepoteza namba za wateja wake na akiba yake ya M-Pesa, na hasira yake ni ya haki. Kumwambia asikasirike kwa sababu mwizi ni mgonjwa ni kumdhulumu mara ya pili. Haki yake ni kulipwa na kuombwa radhi, na aliyeiba anaweza kutimiza vyote viwili akishapata nafuu. Kumdai kijana huyo fidia ni kumheshimu, kwani fidia haidaiwi kwa asiyehesabiwa kuwa mtu.

Sheria yenyewe bado inayumba. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inaadhibu kumiliki na kutumia, na mamlaka iliyoundwa chini yake ndiyo pia inayoratibu huduma za methadoni. Mtu mmoja aweza kuwa mgonjwa asubuhi na mtuhumiwa jioni. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 1962, katika shauri la Robinson dhidi ya California, kwamba ni ukatili kumwadhibu mtu kwa kuwa mraibu tu. Tanzania ina maneno yake ya kuanzia, yaliyomo tayari kwenye kifungu cha 13, kuhusu mtu ambaye maradhi yamemwondolea uwezo wa kujizuia. Shirika la Afya Duniani linauweka uraibu miongoni mwa magonjwa ya akili na tabia. Iwapo arosto inafika kiwango hicho, na lini, ni swali linalostahili kujadiliwa mahakamani kwa uzito wake, badala ya kumalizwa kwa kifungu cha ulevi kilichoandikwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Na kama lawama inapaswa kufuata hiari, basi itafutwe mahali hiari ilipojaa. Januari 2012 zilikamatwa kilo 210 za heroini mkoani Lindi. Waliopanga safari ya mzigo ule hawakuwa wakitetemeka. Walikodi chombo, walipanga bei, walikadiria faida na hatari, na walikuwa na muda wa kubadili nia kila siku ya safari. Hao ndio wachaguzi kamili wa Becker. Kipigo cha barabarani na msongamano wa mahabusu, hata hivyo, humwangukia zaidi mwenye hiari ndogo kuliko wote katika mnyororo mzima, na hiyo ni dhuluma.

Mahakimu wa mahakama za mwanzo na wenyeviti wa serikali za mitaa wanaoletewa vijana hawa wana uwezo wa kuuliza jambo moja zaidi kabla ya kuamua: ameshafikishwa kliniki? Familia nazo zisisubiri mpaka polisi wagonge mlango. Kliniki za Mwananyamala na Temeke hutoa dozi kila siku ya wiki, Jumamosi na Jumapili zikiwamo, na dawa ni bure. Anachokosa mgonjwa mara nyingi ni nauli na mtu wa kwenda naye siku ya kwanza.